Pampu, Shikilia, Achia

Jumamosi, 1 Machi 2014

Nimeanza daftari jipya. La mwaka jana limejaa mambo ya kustaafu, na sitaki kuyapitia kila ninapotafuta kipimo. Humu nitaandika kazi moja tu: breki za mbele za Pontiac.

Gari: Pontiac ya mwaka 1966, milango miwili, silinda nane, rangi ya kijani ya asili. Nililinunua 1973 kwa mtu aliyekuwa amelitumia miaka saba. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne. Master silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina chumba kimoja, kama magari mengi ya wakati ule. Mafuta yakivuja gurudumu moja, umekosa breki zote nne. Sanduku la breki za diski limefika juzi na liko chini ya meza ya gereji.

Pedali, kuanzia inapokaa mpaka inapogoma: inchi tatu. Nimepima kwa rula ya chuma.

Lengo: Jumapili ya tarehe 8 Juni, Rosalie na mimi tutatimiza miaka arobaini ya ndoa. Kila mwaka siku hiyo tumekwenda kula samaki ziwani kwa Pontiac. Mwaka huu amesema atakwenda kwa gari lake dogo, na kwamba nikipenda nimfuate nyuma.

Nje theluji imefika inchi saba.

Jumapili, 2 Machi

Niandike lililotokea, ili lisije likapungua kila mwaka ninapolisimulia.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba. Tulitoka kuangalia majani yanavyogeuka rangi. Kijito kilikuwa kimefurika juu ya barabara ya chini, maji yakifika katikati ya magurudumu. Nikapita polepole. Tukazunguka, tukarudi kwa juu, tukaanza kushuka mlima wa Tannery kuelekea mjini. Nilipokanyaga breki, gari halikupunguza mwendo. Ngoma zikilowa hazishiki mpaka zikauke. Kila mwenye gari la zamani analijua hilo, na mimi nililijua. Nilipaswa kukanyaga kidogo kidogo baada ya kijito ili zikauke. Nilisahau.

Chini ya mlima kuna kibao cha kusimama, na barabara kuu inakatiza pale. Tulikipita kibao kama hatukukiona. Lori la maziwa lilikuwa linakuja kutoka kulia. Dereva wake alipiga honi na kukwepa. Sisi tulipanda kwenye nyasi za kanisa la Kimethodisti, tukasimama futi nne kutoka kwenye ubao wa matangazo ya ibada. Hakuna aliyeumia.

Rosalie hakupiga kelele. Alifungua mlango, akatembea hadi nyumbani kwa kupanda mlima ule ule, kwenye mvua, na viatu vya kanisani. Tangu siku hiyo hajaketi kwenye lile gari.

Ijumaa, 7 Machi

Samaki wa Kwaresima kwenye ukumbi wa zimamoto. Foleni ilifika nje. Emil Sopko alikuwa ametushikia viti. Emil ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, na ndiye jaji mkuu wa klabu yetu ya magari. Anaweza kukwambia skrubu ya tangi lako ni ya mwaka gani bila kuvua miwani. Nilifanya kosa la kumwambia.

"Diski?" akasema, uma ukiwa hewani. "Diski kwenye sitini na sita?"

"Za mbele tu."

"Za mbele tu! Kama mtu anayekwambia amemkata farasi wake miguu ya mbele tu. Delbert, lile gari lina kila kitu lilichotoka nacho kiwandani. Unajua yamebaki mangapi kaunti hii? Mawili. Lako na langu."

"Langu halisimami, Emil."

"Halikuumbwa kusimama. Liliumbwa kwenda."

Rosalie akamsogezea bakuli la kabichi. "Kula, Emil. Nilifanya kazi chumba cha dharura miaka ishirini na sita. Wengi walioletwa pale walikuwa wanakwenda vizuri sana."

Emil alicheka mpaka akakohoa, lakini aliporudisha pumzi alinihesabia pointi nitakazopoteza kwenye mashindano ya Agosti ya magari yaliyobaki na vipande vya asili. Kumi na tano. Akazirudia wakati wa kuvaa makoti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeinua gari kwenye stendi, nikavua magurudumu ya mbele na ngoma. Kila kipande nimekifunga kwenye mfuko wake na lebo. Nimezihifadhi ngoma kwa ajili ya amani na Emil.

Jumanne, 11 Machi

Theluji tena. Hakuna kazi. Gereji nyuzi kumi na nane za Farenhaiti.

Jumamosi, 15 Machi

Nati moja ilikataa siku nzima. Ilikubali saa kumi.

Jumamosi, 22 Machi

Siku nzuri. Nilipanga vipande vyote mezani kwa mpangilio: vya mkono wa kulia upande wa kulia, vya kushoto upande wa kushoto, huku nimeelekea pua ya gari. Habu, diski, mabano, kalipa (koleo linalobana diski), pedi mpya. Kila kitu kiliingia bila kulazimishwa. Mipira ya mafuta imejikunja vizuri, haigusi kitu hata usukani ukikatwa hadi mwisho. Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama kazi dakika kumi nzima. Rosalie alipitia mlangoni na kapu la nguo.

"Umemaliza?"

"Bado master silinda na mabomba."

"Inang'aa," akasema, akaenda zake. Nimeandika kwa sababu ni neno la kwanza zuri alilosema kuhusu gari hilo tangu Oktoba.

Jumamosi, 29 Machi

Master silinda mpya imefungwa, ya vyumba viwili. Chumba kimoja kikivuja, kingine kinabaki. Nimeijaza mafuta. Kesho kutwa Rosalie anakwenda kwa dada yake hadi Ijumaa, na kazi inayofuata inataka watu wawili.

Ijumaa, 4 Aprili

Amerudi. Nimemwomba. Sikumwomba apande gari. Nilimwomba aketi kwenye kiti cha dereva, ndani ya gereji, gari likiwa juu ya stendi, magurudumu hayapo.

"Haliendi popote?"

"Haliwezi kwenda popote. Halina magurudumu."

"Basi hapo nitakaa," akasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Kutoa upepo, mara ya kwanza. Kwa asiyejua: mafuta ya breki yakichanganyika na hewa, pedali inakuwa kama sifongo. Kwa hiyo mmoja anakaa ndani na kukanyaga, mwingine analala chini kwenye gurudumu na kufungua skrubu ndogo. Hewa inatoka, anafunga kabla pedali haijaachiwa. Aliye chini anaamuru, na aliye juu lazima ajibu, maana mkikosana hata mara moja hewa inarudi yote. Klabuni wanasema kazi hii imevunja ndoa nyingi kuliko pombe.

"Pampu."

"Nimepampu."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia."

"Nimeachia. Delbert, huko chini unaona nini?"

"Mafuta."

"Mimi naona ukuta na ngazi yako."

Tulianza gurudumu la nyuma la mbali, tukamalizia la mbele karibu na dereva. Mara hamsini na mbili. Mafuta yalitoka safi, hakuna povu hata chembe.

Pedali: inchi nne na robo. Ni mbaya kuliko ngoma za zamani.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kidogo, si ya kutosha.

Jumamosi, 12 Aprili

Mara ya pili. Nimekaza viungo vyote na kukagua kila bomba kwa tochi na karatasi nyeupe. Hakuna tone. Rosalie alikuja na mto wa kuwekea mgongo na chai yake kwenye chupa. Alikanyaga mara sitini na tano. Mafuta safi, hakuna povu.

Pedali: inchi nne kamili.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua kubwa, usiku na mchana. Ndiyo tunayoingoja sisi wote: barabara zote zina chumvi waliyomwaga kuyeyusha barafu, nayo hula chuma, na hakuna mtu mwenye gari la zamani anayetoka mpaka mvua ya namna hii iioshe. Saa nne asubuhi Emil alipiga simu.

"Unaisikia?"

"Naisikia."

"Chumvi inakwenda zake. Wikiendi ijayo watu watakuwa barabarani. Wewe je, umeshamrudishia mnyama miguu yake?"

"Bado natoa upepo."

"Ngoma hazisumbui hivyo," akasema, na nikamsikia anavyofurahi.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Mara ya tatu. Niliwaza kuwa viatu vya breki za nyuma viko mbali na ngoma, nikavikaza kwa uangalifu. Pedali ikapanda kidogo: inchi tatu na robo tatu. Bado mbaya.

Leo kuna la kuandika zaidi ya vipimo. Tulifika mara ya arobaini hivi. Nilikuwa chini ya gurudumu la mbele, simuoni, nasikia sauti tu.

"Pampu."

"Nimepampu. Delbert, unajua kwa nini sipandi gari hili?"

"Kwa sababu ya Tannery. Shikilia."

"Nimeshikilia. Siyo Tannery."

Nilifungua skrubu, nikafunga. "Achia."

"Nimeachia. Nimewahi kukaa nyuma ya gari la wagonjwa kwenye barafu, dereva analia. Sikuogopa mteremko. Ulipokanyaga mara ya kwanza na hakuna kitu, ulijua. Nilikuona mguu. Ukanigeukia ukatabasamu. Ukasema, 'Haina neno.'"

Nilikuwa nimesahau kwamba nilitabasamu. Hapo juu, tarehe 2 Machi, nimeandika kila kitu hadi futi nne za ubao wa kanisa, na hilo sikuliandika.

"Sikutaka uogope," nikasema.

"Ningejishika mlangoni. Ningekukumbusha breki ya kuegeshea, ile ya mguu upande wako. Ningefanya kitu. Wewe uliniacha nimekaa naangalia majani."

Nikarudi kwenye skrubu, nikasema, "Pampu."

Akapampu. Tukamaliza gurudumu. Alipotoka alikuwa na alama ya usukani kwenye kiganja, na akanisaidia kuinuka.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Paja la nguruwe, mayai, mkate mtamu. Kanisani nilijikuta natazama miguu ya watu.

Jumamosi, 26 Aprili

Emil alikuja kukagua. Nadhani alitaka kushuhudia nimeshindwa. Alipiga magoti na miwani yake mbili, moja juu ya nyingine, akaanza.

"Vibano vya mipira vyeusi. Vilipaswa kuwa vya fedha."

"Sawa."

"Kofia ya master silinda siyo ya mwaka wake. Kichwa cha boliti hii kina alama ya leo. Bomba limekunjwa kwa mkono."

"Nimelikunja mimi."

"Linaonekana."

Aliendelea nusu saa. Pointi zilifika kumi na tisa. Wakati namwonyesha master silinda, chupa ya mafuta ya breki ikaponyoka mkononi mwangu na kumwagika juu ya bawa la kushoto, lile bati lililo juu ya gurudumu. Mafuta yale yanakula rangi kama tindikali. Kabla sijapata kitambaa, Emil alikuwa ameshafika kwenye bomba la bustani. Alilimwagia maji bawa zima, akavua shati lake na kuifuta rangi kwa upole kama anayemwogesha mtoto, amebaki na fulana kwenye baridi ya nyuzi hamsini. Rangi imepona.

"Kumbe unalipenda," nikamwambia.

"Ninalipenda lilivyokuwa," akasema, akikamua shati. "Hiyo pedali yako vipi?"

"Tatu na robo tatu."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na la kunisaidia. Kwenye breki za diski hajui zaidi yangu, na hataki kujua.

Jumamosi, 3 Mei

Mara ya nne. Nimevua master silinda, nikaitoa upepo juu ya meza, nikairudisha. Rosalie: mara sabini na moja. Mafuta safi.

Pedali: inchi tatu na robo tatu. Haikusogea hata upana wa mstari wa rula.

Kwa mara ya kwanza nilitamani ngoma zangu kwenye mifuko yake.

Alhamisi, 8 Mei

Mwezi mmoja kamili umebaki. Rosalie ameweka nafasi ya meza ya watu wawili kule ziwani. Hakusema tunakwenda na gari gani, nami sikuuliza.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike polepole.

Asubuhi nilirudisha magurudumu, nikalishusha gari, nikalitoa hadi mtaa wetu, ambao ni tambarare. Mwendo wa maili kumi na tano. Nikikanyaga mara moja, pedali inazama na gari linapunguza kivivu. Nikiachia na kukanyaga mara ya pili haraka, linashika vizuri sana, kuliko ngoma zilivyowahi kushika. Nilijaribu mara tisa. Kila mara hivyo hivyo: ya kwanza hakuna, ya pili ipo.

Nikawaza, naweza kuishi nalo. Wapo klabuni wanaokanyaga mara mbili maisha yao yote. Mguu ukizoea, aliye kando hatajua. Nimebakiwa na wiki nne. Niliporudi, Rosalie alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji amefunga mikono.

"Linashika?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na ninajua hata uso nilioanza kuuvaa.

"Hapana," nikasema. "Linashika mara ya pili. Mara ya kwanza pedali inazama. Nimetoa upepo mara nne, nimekagua kila kiungo, na sijui tatizo ni nini."

Alikunjua mikono.

"Hujui?"

"Sijui, Rosalie. Sijui kabisa."

Aliingia ndani ya nyumba. Nikadhani yamekwisha. Akatoka na miwani yake ya kusomea na mto wa kiti cha jikoni, akauweka sakafuni kando ya gurudumu la mbele, akapiga magoti.

"Livue. Sijawahi kuona unachofanya huku chini. Wiki tano naangalia ngazi."

Nikainua gari, nikavua gurudumu. Nikamweleza: hii ni diski, hii ni kalipa, ndani yake mna pistoni, mafuta yanaingia huku. Aliuliza taratibu, kama alivyokuwa akiwauliza wagonjwa.

"Na mafuta yanajaa ndani yote?"

"Yote."

"Na ile skrubu ninayokanyagia iko wapi?"

"Hii hapa." Nikaigusa kwa kidole, chini ya kalipa.

Akaitazama. Akatazama juu ya kalipa. Akaitazama tena.

"Mbona iko chini?"

"Ndiyo ilivyo."

"Delbert. Nimechoma watu sindano miaka ishirini na sita. Ukitaka kutoa hewa kwenye bomba la sindano, unaelekeza ncha wapi?"

Nikainua kidole juu, kabla akili yangu haijafika.

"Juu," akasema. "Kwa sababu hewa inapanda. Ukielekeza chini unatoa dawa tu, dawa safi kabisa, na hewa imekaa pale juu inakucheka."

Mafuta safi. Mara mia mbili na zaidi, mafuta safi, hakuna povu, na mimi nikiandika humu kwa furaha kwamba hakuna povu.

Nikazunguka upande wa pili. Skrubu chini. Nikaenda mezani nikasimama pale nilipokuwa nimesimama tarehe 22 Machi, nimeelekea pua ya gari. Kulia kwangu ni kushoto kwa gari. Kalipa ya kulia niliifunga kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri sana. Tofauti pekee ni kwamba skrubu inayopaswa kuwa juu inakuwa chini.

"Miaka thelathini na moja umefanya kazi idara ya maji," Rosalie akasema. Alikuwa ameshikilia bawa la gari ili asianguke kwa kucheka. "Thelathini na moja, Delbert! Mabomba!"

"Nilikuwa nasoma mita."

Hapo akaketi kabisa sakafuni, mgongo kwenye tairi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa changu cha grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni. Nami nikaketi kando yake.

Tulizibadilisha kalipa baada ya chakula cha mchana. Yeye alishika taa.

"Pampu."

"Nimepampu."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nikafungua skrubu, ya juu safari hii. Ikatema povu, ikatema tena, ikapiga kelele kama chupa ya soda.

"Nimeisikia!" akapaza sauti. "Mguu umeisikia!"

Mara kumi na nane tu, kalipa zote mbili.

Pedali: inchi moja na nusu. Ngumu kama ngazi.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Mama. Binti yetu alipiga simu kutoka Ohio kumpongeza. Rosalie alimsimulia habari ya kalipa kwa dakika arobaini.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeshuka Tannery peke yangu, kavu, mara sita. Linasimama kwenye mstari mweupe kila mara. Pedali: moja na nusu.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Nimepita kijito kwa makusudi, kisha nimeshuka Tannery. Mara nane. Linasimama. Nilimweleza Rosalie yote, pamoja na ile mara ya tatu nyuma ilipoteleza kidogo kwenye majani mabichi. Zamani nisingemwambia. Alisema, "Asante," akaendelea kuosha letusi.

Jumatatu, 26 Mei

Gwaride la Siku ya Kumbukumbu ya wanajeshi waliofia vitani. Magari kumi na moja ya klabu yalipita barabara kuu nyuma ya wanajeshi wa zamani. Emil alileta lake juu ya trela, kama kawaida, akalishusha nyuma ya benki, akaendesha mitaa minne, akalipandisha tena. Miaka yote nimedhani ni maringo: hataki vumbi. Leo nilimsaidia kufunga minyororo, nikamwambia ukweli kuhusu kalipa, nikiwa tayari kuchekwa hadi Krismasi.

Hakucheka. Aliangalia huku na huku.

"Skrubu zilikuwa chini?"

"Zote mbili."

"Sitini na nane ya shemeji yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka 1988. Tulihangaika kiangazi kizima. Mpaka leo tumemwambia mkewe ilikuwa master silinda mbovu."

Kisha, akikaza mnyororo ambao ulikuwa umeshakazwa: "Sijashuka mlima wowote na hili gari tangu 2005, Delbert. Liliwahi kunikataa kule machimboni. Sikumwambia mtu. Nikanunua trela."

Miaka tisa. Ametuhukumu sote kwa pointi, na gari lake limekwenda mitaa minne kwa mwaka. Nilidhani nitajisikia mshindi. Nilimuonea huruma, na nikamwambia aje Jumamosi aendeshe langu.

Jumamosi, 31 Mei

Emil ameshuka Tannery mara tatu. Mara ya kwanza alifumba jicho moja. Alipofika chini mara ya tatu alisema, "Pointi kumi na tisa bado ni kumi na tisa," akauliza sanduku lile niliagiza wapi.

Ijumaa, 6 Juni

Rosalie ameosha gari lake dogo na kulijaza mafuta. Niliona kupitia dirisha la jikoni. Ana haki yake.

Jumamosi, 7 Juni

Tannery, mara ya ishirini na sita. Linasimama. Nimekata nyasi. Nimekata nywele.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa nilivaa suti ya kijivu nikaenda kusimama gerejini, kati ya magari mawili. Nilikuwa nimeamua: akiingia kwenye lake, nitapanda naye, Pontiac ibaki. Miaka arobaini siyo ya kufuatana barabarani.

Rosalie alitoka na gauni la bluu na viatu bapa. Viatu virefu alivishika mkononi. Akapita gari lake dogo, akazunguka Pontiac, akafungua mlango wa dereva na kutupa viatu kiti cha nyuma.

"Funguo."

"Unaendesha wewe?"

"Nimekanyaga pedali hii mara mia mbili na hamsini hivi. Wewe umeikanyaga ngapi?"

Nikampa. Nikaenda upande wa pili. Tangu 1973 sijawahi kukaa kiti kile. Dirisha lake linapiga kelele ambayo sikuijua, na jua linakuingia machoni. Nilimwambia, akasema anajua.

Juu ya Tannery alisimamisha gari pembeni, injini inanguruma.

"Niambie."

"Pedali ni inchi moja na nusu," nikasema. "Nimeshuka mara ishirini na sita, nane kwenye mvua. Imeshika zote. Lakini sijawahi kushuka nimekaa huku, na ninaogopa."

"Jishike mlangoni basi," akasema, akaachia.

Alishuka haraka kuliko ninavyoshuka mimi. Nilijishika mlangoni kwa mikono miwili. Kibao kilipoonekana alikanyaga mara moja, laini, bila kuhangaika, na pua ya Pontiac ikainama na kutulia kwenye mstari mweupe. Kutoka kulia lilipita gari la familia, watoto wakatupungia. Rosalie akawapungia. Akabaki pale muda mrefu kuliko sheria inavyotaka, mpaka mtu nyuma yetu akapiga honi.

"Anangoja," nikasema.

"Angoje. Mimi nimengoja tangu Oktoba."

Ziwani tulikula samaki aina ya sangara wa njano, viazi, na keki ambayo mhudumu alileta bila kuagizwa. Rosalie alivaa viatu virefu kutoka gari hadi mezani na kutoka mezani hadi gari. Saa tisa, kwenye maegesho, nilinyoosha mkono nipewe funguo. Akaniambia nikae nilipokuwa.

Suti, keki, jua, na ile injini ikiimba. Kuna miteremko mitatu kati ya ziwa na nyumbani, miwili yake mikali kuliko Tannery. Sikuona hata mmoja. Nilipoamka tulikuwa ndani ya gereji, injini imezimwa, na Rosalie ameinama kiti cha nyuma anatafuta viatu vyake.